Kazi Yako ya Kansa Ionekane: Mwongozo kwa Mtafiti wa Bukavu

Kama wewe ni daktari kijana wa Hospitali ya Panzi, asistenti katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu (UCB), au mwanafunzi wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu (UOB) au Chuo Kikuu cha Kiinjili Afrika (UEA) unayeandika memwari juu ya kansa ya matiti, siku moja utaulizwa: umechapisha nini, na nani amekitumia? Atauliza mfadhili. Atauliza profesa wa ng'ambo unayemwomba akusimamie shahada ya uzamivu. Itauliza tume ya chuo unapotaka kupanda kutoka asistenti hadi CT (chef de travaux). Na wote hao watatafuta jibu kwenye intaneti kabla hawajakusikiliza.

Nimeona kazi nzuri za mji huu zikipotea bila kosa la kisayansi. Zinapotea kwa sababu jina limeandikwa kwa namna tatu, kwa sababu chuo kimefupishwa kwa herufi ambazo dunia inazisoma vingine, au kwa sababu makala ilipelekwa kwa jarida la matapeli. Hayo yote yanarekebishika, na mengi hayagharimu hata faranga moja.

Kwanza elewa kinachohesabiwa

Makala mpya inapoitaja makala ya zamani katika orodha yake ya marejeo, hiyo ya zamani imerejelewa mara moja. Ndiyo hesabu yote ilivyo. Haionyeshi kama aliyeirejelea aliisifu au aliipinga, wala kama kuna mgonjwa aliyepona.

Juu ya hesabu hiyo vimejengwa vipimo viwili utakavyokutana navyo kila mahali. Kielezo cha h kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, na kinampima mtu. Kipimo cha athari, kilichotokana na kazi ya Eugene Garfield wa Marekani, kinapima jarida: makala za jarida hilo za miaka miwili iliyopita zimerejelewa mara ngapi kwa wastani mwaka huu. Usivichanganye. Kumpima mtu kwa kipimo cha jarida ni kosa ambalo wanasayansi wengi walilikataa kwa maandishi katika Azimio la San Francisco, lililotangazwa mwaka 2013.

> KISANDUKU: Piga kielezo cha h mwenyewe
> 1. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa zaidi hadi iliyorejelewa kidogo.
> 2. Zipe namba: 1, 2, 3, na kuendelea.
> 3. Shuka mpaka makala ya mwisho ambayo marejeo yake hayapungui namba yake. Namba hiyo ndiyo h.
>
> Mfano wa kwanza: 31, 12, 9, 6, 5, 2, 0. Makala ya tano ina marejeo 5. Ya sita ina 2 tu. Kielezo ni 5.
> Mfano wa pili: 900, 3, 2, 1. Kielezo ni 2, ingawa jumla ya marejeo ni 906.

Mtu wa mfano wa pili huenda alikuwa mmoja wa waandishi mia kadhaa wa utafiti mkubwa wa kimataifa. Ukisoma jumla peke yake utamwona jabali. Ukisoma h peke yake utamwona mchanga. Hakuna namba kati ya hizo mbili inayokueleza alichofanya.

Katika kansa kuna jambo jingine la kuangalia. Jarida la CA: A Cancer Journal for Clinicians lilipata kipimo cha athari cha mwaka 2020 kilichovuka 500, wakati majarida mengi mazuri ya tiba hayafiki hata 10. Sababu ni kwamba jarida hilo huchapisha takwimu za kansa, zikiwemo zile za dunia za GLOBOCAN zinazotayarishwa na shirika la IARC la Lyon, na karibu kila anayeandika juu ya kansa huzitaja katika sentensi yake ya kwanza. Ni kazi muhimu sana. Lakini usiweke makala yako juu ya wanawake arobaini wa Kabare waliofika hospitalini na kansa ya mlango wa kizazi kwenye mizani moja nayo, wala usikubali mtu mwingine aiweke.

Kwa nini usikate tamaa namba ikiwa ndogo

Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, Denis Burkitt, alichapisha katika British Journal of Surgery makala juu ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika. Hakukuwa na kishindo. Machi 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi. Baadaye mwaka huo huo Burkitt na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili zipatazo elfu kumi kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali kama ugonjwa huo upo. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika Lancet virusi walivyoviona katika chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Kampala. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Sasa chukua kipimo kinachoangalia miaka miwili ya nyuma, ukiweke juu ya makala ya 1958 ilipofika 1960. Kisingeonyesha chochote cha maana. Ugonjwa ulikuwa kweli, maelezo yalikuwa sahihi, na dunia ilikuwa bado haijasoma.

Kampala inatupa funzo la pili, na kwangu hili ndilo linaloihusu Bukavu zaidi. Hospitali ya Mengo ilitunza madaftari ya wagonjwa tangu 1897. Mwaka 1964 kundi la watafiti liliyafungua, likachapisha katika British Medical Journal uchambuzi wa kansa katika jamii moja ya Kiafrika kuanzia 1897 hadi 1956. Madaftari ya wodini yaligeuka kuwa ushahidi wa miaka sitini. Rejista zilizoko leo Panzi na katika Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa ni za aina hiyo hiyo. Nchi isiyo na takwimu zake za kutosha hukadiriwa kwa takwimu za majirani. Kila makala safi inayotoka Kivu Kusini hupunguza ubashiri huo.

Hatua za kupanga rekodi yako

1. Chagua jina moja, ulishike mpaka ustaafu.

Majina yetu ni matatu, na majarida yamezoea mawili. Mtazame mtu anayejulikana kuliko wote mjini, Denis Mukengere Mukwege: jarida moja laweza kumwandika Mukwege D, jingine Mukwege DM, jingine Mukengere D. Kwa kompyuta hao ni watu watatu, na kila mmoja ana sehemu tu ya kazi. Wazee wetu wana tatizo zaidi, maana kuanzia 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristo, na aliyechapisha wakati huo bila jina la ubatizo huenda leo anaandika akiwa nalo.

Amua sasa lipi ni jina la ukoo kwenye makala zako. Liandike vilevile kwenye kila makala, kwenye barua pepe na kwenye mabango ya mikutano.

2. Fungua ORCID.

Ni namba ya tarakimu 16, ya bure, iliyoanza kutolewa mwaka 2012. Simu yenye intaneti inatosha. Ndani yake unaandika namna zote ambazo jina lako limewahi kuandikwa, na unaruhusu makala mpya ziingie zenyewe. Ukibadilisha chuo au ukiolewa na kubadilisha jina, namba inabaki ile ile. Tumia barua pepe yako binafsi pamoja na ya chuo. Ile ya chuo ikifa usije ukafungiwa nje.

3. Andika jina la taasisi kwa ukamilifu.

Usiandike "UCB" peke yake. Duniani herufi hizo zinatumiwa pia na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na kampuni ya dawa ya Ubelgiji. Andika "Université Catholique de Bukavu, Bukavu, Democratic Republic of the Congo", bila kutafsiri mara hii na kuacha mara nyingine. Taja jina la nchi kwa ukamilifu, kwa sababu Kongo ni mbili.

4. Fungua ukurasa wa Google Scholar, kisha uusafishe.

Bila barua pepe ya taasisi iliyothibitishwa ukurasa wako hautatokea watu wakikutafuta, kwa hiyo iombe kwa ofisi ya informatiki ya chuo. Mfumo utakupendekezea makala. Kataa zile zisizo zako, hata kama zina marejeo mengi na jina linafanana. Chagua kuulizwa kabla makala haijaongezwa. Usiache iongezwe yenyewe.

Utaona namba za Google Scholar ni kubwa kuliko za Scopus au Web of Science. Google huhesabu hata tasnifu na ripoti. Hizo nyingine mbili huhesabu majarida yaliyochaguliwa tu, na majarida mengi ya Afrika hayamo. OpenAlex, iliyoanza 2022, ni ya bure na ina wigo mpana. Kwa hiyo kila unapotaja namba, taja imetoka wapi na tarehe gani.

5. Andika makala ambayo mwenzako anaweza kuitumia.

Watu hurejelea makala inayowapa kitu cha kushika. Kabla ya kutuma, hakikisha msomaji anapata haya:

- Kipindi: mwezi na mwaka wa kuanza na wa kumaliza.
- Wagonjwa wangapi walitazamwa, wangapi waliachwa nje, na kwa nini.
- Wangapi walithibitishwa kwa anapath (kipande cha uvimbe kusomwa kwa hadubini), na wangapi kwa macho ya daktari peke yake. Kama sampuli ilisomwa nje ya Bukavu, taja wapi.
- Hatua ya ugonjwa siku mgonjwa alipofika, na muda tangu dalili ya kwanza.
- Walitoka wapi: mjini, Walungu, Kalehe, Idjwi.
- Namba ya kibali cha kamati ya maadili.

Hilo la anapath wengi hulipuuza, nalo ndilo linalofanya makala ya kansa ikataliwe au isiaminiwe. Uvimbe usiothibitishwa ni dhana. Sema wazi wangapi ni dhana. Uaminifu huo hautakupunguzia heshima.

6. Fikiria lugha.

Tunasoma na kuandika kwa Kifaransa, na watafiti wengi wa kansa duniani wanasoma Kiingereza. Huna haja ya kuacha Kifaransa. Pan African Medical Journal hupokea lugha zote mbili. Lakini weka ikisiri kwa Kiingereza kilichopitiwa na mtu anayekijua, na katika kichwa cha makala taja aina ya kansa, Bukavu au Kivu Kusini, na nchi. Kichwa kisicho na mahali hakitapatikana na anayetafuta mahali.

7. Hakiki jarida kabla ya kutuma.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa na kazi ya miaka. Jarida tapeli hudai ada, huchapisha bila uhakiki, na makala yako hukwama humo: huwezi kuipeleka kwingine kwa sababu tayari imechapishwa. Fuata utaratibu huu:

1. Tafuta jarida kwenye DOAJ, ambayo ni orodha ya majarida ya wazi, na kwenye AJOL kwa majarida ya Afrika.
2. Tafuta makala zake za karibuni kwenye PubMed. Kama jarida linadai limo na wewe huzioni, achana nalo.
3. Soma makala mbili za mwaka huu. Je, wewe mwenyewe ungezikubali?
4. Tafuta majina ya wahariri kwenye kurasa za vyuo vyao.
5. Linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi. Kuna wanaoiga jina la jarida halali.

> ONYO: dalili za utapeli
> - Barua pepe inayokusifu, "Profesa mtukufu", na wewe bado ni mwanafunzi.
> - Ahadi ya kukubaliwa ndani ya siku chache.
> - "Kipimo cha athari" kutoka shirika usilolijua.
> - Ada isiyotajwa mpaka makala imekubaliwa.
> - Kuombwa utume pesa kwa jina la mtu binafsi.
> - Mtu anayekuuzia nafasi ya mwandishi katika makala iliyokwisha kuandikwa. Huo ni wizi, na unafuatiliwa: mwaka 2023 makala zaidi ya 8,000 za majarida ya Hindawi zilifutwa.

8. Omba msamaha wa ada mapema.

Ada ya jarida la wazi inaweza kufika maelfu ya dola. Wachapishaji wengi wakubwa huifuta kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, na Kongo imo. Tahadhari ni mbili. Omba siku unapotuma makala, kwa sababu wengi hawapokei ombi baada ya kukubaliwa. Na soma sharti: baadhi huangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, wengine ya waandishi wote. Ukimpa mwenzako wa Brussels nafasi ya mawasiliano kwa sababu intaneti yake ni nzuri, unaweza kuwa umeupoteza msamaha. Jambo hili lina uzito zaidi tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango. Ada ndogo tu inaweza kukosa njia ya kutumwa.

Kwa kusoma, muulize mkutubi wa chuo nenosiri la Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002. Taasisi za nchi yetu zimo katika kundi lisilolipia.

9. Kubalianeni nani ni mwandishi, kabla ya kukusanya data.

Masharti yanayofuatwa na majarida ya tiba ni manne, na mwandishi huyatimiza yote: amechangia kwa uzito wazo, mpango au data, ameandika au amesahihisha maandishi, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Aliyesaidia bila kufika hapo hushukuriwa mwishoni kwa jina lake.

Najua lilivyo gumu kumwambia mkuu wa idara. Usimwambie hapana, mpe kazi. "Profesa, jarida linataka kila mwandishi aeleze alichofanya. Naomba unisahihishie sehemu ya matokeo kabla sijajaza fomu." Akisahihisha, amestahili.

Kwa wageni uwe imara zaidi. Sampuli na faili zikishavuka mpaka wa mto Ruzizi, huna tena cha kujadiliana. Andikeni ukurasa mmoja: nani wa kwanza, nani wa mwisho, data zinatunzwa wapi, nani anaruhusiwa kuzitumia tena. Katika tiba, wa kwanza ni aliyebeba kazi na wa mwisho ni aliyesimamia. Daktari wa Bukavu kuwa jina la saba katika utafiti wa wagonjwa wa Bukavu si haki, na mahali pa kulisema ni kabla sampuli haijaondoka.

Ukisoma rekodi ya mtafiti mwingine

Labda unamtafuta msimamizi, au wewe ni mwanahabari na mtu amejitambulisha kwako kama mtafiti mkubwa wa kansa. Weka alama kila unapomaliza:

- ☐ Nimetafuta jina kwa namna zake zote, pamoja na ORCID.
- ☐ Nimetazama ni makala ngapi yeye ni wa kwanza au wa mwisho.
- ☐ Nimeona umri wa kazi: kwa kawaida kielezo cha h hakishuki, hivyo aliyeanza 1995 mara nyingi humzidi aliyeanza 2018.
- ☐ Nimetenganisha marejeo ya wengine na ya kujirejelea mwenyewe.
- ☐ Nimeangalia kama kuna makala iliyofutwa, kwenye orodha ya Retraction Watch ambayo tangu 2023 iko wazi kupitia Crossref.
- ☐ Nimesoma makala mbili mwanzo hadi mwisho.

Ukiwa na muda wa jambo moja tu, fanya hilo la mwisho.

Na kwa mwanahabari: makala kumi juu ya chembe za panya hazimpi mtu haki ya kuuza dawa ya mitishamba sokoni Kadutu kama tiba ya kansa. Muulize ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, kwa kibali cha kamati gani, na imechapishwa wapi.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kugawa utafiti mmoja vipande vitano ili idadi ikue. Wahakiki huona, na kila kipande kinakuwa dhaifu. Kukubaliana na wenzako mrejeleane bila sababu. Kuorodhesha makala "iliyotumwa" kana kwamba imechapishwa. Kuandika juu ya mgonjwa wa kansa adimu kwa maelezo yanayomtambulisha kijijini kwao: umri, kazi, parokia, picha ya uso. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko mengine, kwa sababu anayeumia ni mgonjwa.

Namna ya kujieleza kwenye CV

Mfadhili hana muda wa kukutafuta. Mwandikie mistari michache, ukianza na kazi na kumalizia na namba:

> "Nimeonyesha, katika wagonjwa 212 waliothibitishwa kwa anapath, muda kati ya dalili ya kwanza na utambuzi wa kansa ya matiti katika hospitali yetu, na matokeo hayo yametumika kupanga siku za kliniki. Makala 7 zilizohakikiwa, 3 nikiwa mwandishi wa kwanza. Kielezo cha h 5, Google Scholar, Juni mwaka huu. ORCID: …"

Badilisha kila kitu humo kiwe chako, na usiongeze hata tarakimu moja. Pitia ukurasa wako kila miezi sita. Weka nakala za PDF za makala zako zote kwenye simu na kwenye flashi, ili SNEL ikikata umeme siku ya mwisho ya maombi uweze kutuma.